Bwana wangu alivyoacha sigara na kichwa kikagoma, mtihani wa reli ukiwa mlangoni (Kalemie, enzi za Zaire)

Wakuu, salamu kwa wote mliomo humu, wanaovuta na wasiovuta.

Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu. Juzi nimekuta kijana kwenye uzi mwingine anasema yeye bila sigara hawezi kusoma, kwamba fegi moja inamfungua ubongo na page inaingia yenyewe.

Nikacheka peke yangu mpaka wajukuu wakauliza kuna nini. Maneno hayo hayo niliishi nayo ndani ya nyumba yangu.

Nitakayosema ni kweli tupu. Chumvi mkiikuta, jueni ilikuwemo tangu jikoni, sikuiongeza mimi.

Na kuhusu Kiswahili changu: nimezaliwa Kirungu, kule juu kwenye milima ya Marungu, nikaolewa Kalemie, sasa naishi Kigoma kwa binti yangu. Lugha imechanganyika. Mkikuta "bibi" hapa chini jueni ni mke, siyo nyanya; "njo" ni "ndiyo", na "bantu" ni watu. Mnivumilie.

Haya, tuingie.

Enzi hizo nchi iliitwa Zaire. Wanaume walivaa abakosti, lile koti lisilotaka tai, na kazini watu waliitana Citoyen, yaani raia.

Bwana wangu alikuwa karani wa mizigo kwenye gare ya Kalemie, yaani stesheni ya treni. Tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, zile zilizopangwa mstari. Ukisimama mlangoni unaona ziwa na winchi za bandari.

Mtoto wetu wa kwanza aliitwa Feza, kwa hiyo mtaa mzima ulimwita bwana Papa Feza, na mimi Mama Feza. Mimba ya pili ndiyo ilikuwa imeingia.

Papa Feza alikuwa mtu wa furaha, wa kucheka kabla hajamaliza kichekesho chake mwenyewe. Na alivuta sigara. Alivuta kama mtu aliyesikia kwamba kesho viwanda vitafungwa. Za pakiti zikikosekana alisokota majani ya tumbako yanayoshushwa kutoka milimani kwetu, na hayo ndiyo yalikuwa makali.

Mwaka ule ikatangazwa kwamba makarani wanaruhusiwa kufanya mtihani wa kuwa shefu wa gare, yaani mkuu wa stesheni. Siyo gare kubwa, hapana. Zile ndogo za porini kwenye njia ya kwenda Kabalo. Lakini shefu ni shefu: nyumba ya matofali, shamba nyuma ya nyumba, na kofia.

Papa Feza aliitaka ile kofia jamani. Aliitaka mpaka akawa anajitazama kwenye kioo amevaa bakuli.

Mtihani ulikuwa wa mdomo. Unakaa mbele ya mkubwa aliyetoka Lubumbashi, anakuuliza kitabu cha sheria za reli, kitabu kizito, kimeandikwa Kifaransa mwanzo mpaka mwisho. Treni ikiharibika njiani unafanya nini. Simu ikikatika unafanya nini. Bendera gani, taa gani, nani anatoka kwanza.

Njia yake ya kusoma ilikuwa rahisi. Anakaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anawasha. Sura moja, sigara moja. Na wakuu, nisidanganye, ilikuwa inaingia! Jioni ananisomea kwa kichwa huku napika, neno kwa neno.

Shida ikaanzia kwenye pua yangu.

Mimba ya Feza haikunisumbua. Hii ya pili ilikuja na pua ya mbwa. Harufu ya sabuni, sawa. Harufu ya samaki, sawa. Moshi wa sigara ukipita hata nyumba ya tatu, mimi natapika.

Jirani yetu Papa Ngoy alikuwa infirmier, muuguzi wa dispensari, mtu mpole asiyependa kugombana. Siku moja alinikuta nimeinama nyuma ya nyumba, Papa Feza amesimama pembeni na kitabu mkono mmoja na sigara mkono wa pili, ananionea huruma.

Papa Ngoy akamwambia, "Papa Feza, ule moshi hautapishi bibi yako tu. Unafika kwa mutoto. Ubongo wake njo kwanza unajengwa."

Papa Feza akaitazama ile sigara. Aliizima kwenye mchanga, akatoka.

Baadaye nilijua alikokwenda. Alikwenda kwa Ilunga, karani mwenzake, rafiki yake, ambaye naye alikuwa anajiandaa kwa mtihani ule ule. Akampa pakiti.

"Shika. Nikikuomba, unikatalie."

Ilunga akasema, "Leo nitakukatalia. Ya kesho sijui."

Nilifurahi sana. Nikamchinjia kuku. Nilidhani habari imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Wakuu, kichwa cha mtu yule kiligoma. Siyo kwamba alikuwa mkali, ingawa mkali alikuwa. Kilifungwa. Anakaa na kitabu asubuhi, mchana nampelekea chakula, yuko page ile ile, anaitazama kama mtu anayetazama mvua. Alitia chumvi kwenye chai akainywa yote bila kushtuka. Kanisani alimsalimia mke wa Papa Ngoy kwa jina la mke wa Ilunga, na mke wa Ilunga amesimama hapo hapo.

Nilicheka hayo yote. La kazini sikulicheka.

Kulikuwa na mama mmoja mfanyabiashara wa ndakala, hawa dagaa wetu, magunia yake yalikuwa yaende Nyunzu. Papa Feza akaelekeza yapakiwe kwenye behewa la kwenda Kabalo. Yule mama kwa bahati alipita kuhakikisha, akaona magunia yake yako kwenye behewa silo. Alipiga kelele ambayo nadhani hata Kigoma mliisikia.

Mkubwa wa mizigo akamwita Papa Feza ofisini. Akamwambia, "Citoyen, mara moja tena, ninafuta jina lako kwa mtihani. Shefu wa gare anayesahau ataua bantu."

Alirudi nyumbani amenyong'onyea. Akanieleza kila kitu, halafu akaniambia jambo lingine ambalo lilimuuma zaidi.

Alipotoka ofisini alikuwa amepitia kwa Ilunga, akaomba apulize mara moja tu. Ilunga hakumkatalia.

"Mama Feza," akaniambia, "kilifunguka. Nilivuta mara moja, ukungu ukatoka. Sura yote ya bendera ikarudi. Basi njo vile: akili yangu iko ndani ya tumbako. Bila ile, miye ni muti."

Nilitaka kulia. Maana alichosema nilikuwa nakiona kwa macho yangu.

Nikamwita Papa Ngoy. Akaja, akakaa, akasikiliza yote. Halafu akamwuliza swali moja.

"Kabla hujajua sigara, ulipokuwa shuleni, ulikuwa unashika masomo ao hapana?"

"Nilikuwa nashika. Nilikuwa wa pili darasani."

"Basi sigara haikukuongezea akili. Ilikuzoesha. Ubongo wako ulizoea kusukumwa, sasa hakuna wa kuusukuma, umekaa chini. Ulipovuta leo, ile tumbako ilikurudishia kitu yenyewe ilikuwa imekunyang'anya. Muntu akikuibia nguo halafu akupe shati lako mwenyewe, utamushukuru?"

Papa Feza akacheka kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile.

"Ukungu utatoka lini?"

"Utatoka. Kwa wengine juma chache, kwa wengine zaidi. Siwezi kukuandikia siku."

Hapo ndipo penyewe. Mtihani ulikuwa karibu. Ukungu ukitoka baada ya mtihani, kofia imekwenda.

Kaka yake akamshauri avute mpaka mtihani upite, ndipo aache. Ilunga akasema hivyo hivyo. Na mimi, wakuu, nilikuwa nimeona anavyoteseka, nikamwambia: "Vuta tu Papa. Miye nitaenda kukaa kwa dada yako mpaka umalize. Kofia ikija utaacha."

Alifikiri sana. Alichonijibu sijawahi kukisahau.

"Tuseme nimevuta, nimeshinda, wamenipeleka porini. Siku moja tumbako imeisha, duka hakuna, na treni mbili ziko kwa njia moja zinakuja. Sheria zote ziko ndani ya sigara na sigara haiko. Nitafanya je? Wale bantu ndani ya treni, nitawaambia mungoje?"

Ushauri wa kuvuta ukaishia hapo. Hata Ilunga alipoelezwa hakuurudia.

Nikamwambia Papa Feza, "Basi lete hicho kitabu."

(Naona mdau mmoja amewahi kuuliza hapo chini mimi nilikuwa na elimu gani. Ngoja nijibu hapa hapa: kabla ya kuolewa nilifundisha darasa la kwanza na la pili kule Kirungu, kwa masista. Nilipoolewa nikaacha. Mume hakunikataza, ni mambo yalivyokuwa. Turudi.)

Mtu aliyefundisha watoto wadogo anajua kitu kimoja: mtoto akichoka kukaa, hata umsomee nini haingii. Msimamishe. Muimbishe. Mpe kitu mkononi. Nikamtazama bwana wangu nikaona sasa ana kichwa cha mtoto wa darasa la kwanza saa sita mchana.

Kwa hiyo kigoda kile cha nyuma ya nyumba nikakipiga marufuku. Palikuwa na harufu, palikuwa na mazoea, akikaa pale mkono wenyewe unatafuta kiberiti mfukoni.

Tukahamia ziwani.

Nilikuwa nakwenda kufua na wanawake wenzangu. Nikamchukua Papa Feza anibebee mabeseni. Wanawake walishangaa, mwanaume kwenye kufua! Nikawapanga. Beseni la Mama Ngoy likawa gare ya Kabalo. Beseni la mke wa Ilunga likawa Nyunzu. Langu likawa Kalemie. Kipande cha sabuni ndicho treni.

Papa Feza akasimama katikati, maji kwenye magoti, anauliza kwa sauti, "Nyunzu! Njia iko wazi?"

Mke wa Ilunga anajibu, "Hapana! Ngoja, kuko treni ndani!"

"Kabalo! Treni imefika?"

"Imefika na mukia wake wote!"

Maana sheria ndiyo hiyo wakuu: njia ni moja, hutoi treni mpaka gare ya mbele ikuambie kwamba ile iliyotangulia imefika nzima, mpaka behewa la mwisho. Siku ya kwanza aliachia sabuni kabla Kabalo hajajibu. Wanawake wote wakapiga kelele, "Umeua bantu!" wakamrushia maji mpaka akalowa kichwa. Kosa lile hakulirudia.

Zile sheria ndefu nikazitia kwenye nyimbo. Ile ya treni kukwama katikati ya gare mbili niliiweka kwenye sauti ya wimbo wa kutoa sadaka, ule wa kwenda mbele mnacheza. Treni ikikwama, mtu wa nyuma anashuka, anarudi na njia akiwa na bendera nyekundu, akifika mbali anafunga vile vibati vya baruti juu ya reli, ili treni inayokuja ikivikanyaga vilie, dereva afunge breki. Kifaransa chake ni kigumu, lakini kikishapata ngoma kinatembea.

Mwanzoni ilikuwa shida. Leo anashika, kesho kimetoka nusu. Kuna siku alikasirika akatupa kitabu mchangani. Nikakiokota, nikakifuta, nikaanza kuimba mwenyewe. Mama Ngoy akadakia. Mke wa Ilunga akadakia. Papa Feza amekasirika, mdomo umefungwa, lakini bega limeanza kucheza.

Halafu asubuhi moja, bila kutangazwa, aliamka akanywa chai akasema, "Mama Feza, chai hii umeiweka tangawizi?"

Nikamwambia ninaiweka kila siku tangu tuoane.

"Sikuwahi kuisikia."

Siku ile alisoma sura mbili bila kuinuka. Nilimtazama kupitia dirishani nikasema kimoyomoyo, haya, kinarudi.

Siku ya mtihani ikafika.

Walifanyia kwenye chumba kimoja hapo gare, chenye madirisha ya mbao yale ya kufunguka kama magamba. Wanawake tulipeleka chakula cha bwana zetu, bukari, yaani ugali, na samaki, tukaruhusiwa kungojea barazani. Kwa hiyo haya nimeyasikia kwa masikio yangu.

Mkubwa kutoka Lubumbashi alikuwa mnene, abakosti imenyooka, na anavuta! Anavuta kuliko Papa Feza wa zamani. Moshi ulitoka dirishani nikahamia upande wa pili na leso puani.

Ilunga aliingia kwanza. Alijibu vizuri, sigara mkononi, wanacheka na mkubwa. Akatoka anajipangusa jasho.

Papa Feza akaingia. Mkubwa akamwonyesha kiti, akamsogezea pakiti. Adabu za wakati ule, mkubwa akikupa unapokea.

"Vuta, Citoyen. Inatuliza."

Nikashika tumbo langu kwa mikono miwili.

Papa Feza akasema, "Asante sana shefu. Lakini nikiwasha, mutakuwa munauliza sigara, hapana miye."

Ilunga pembeni yangu akafunga macho.

Mkubwa akacheka, cheko la kukohoa. "Haya. Nikuulize weye basi. Treni imekwama katikati ya gare mbili. Mutu wa nyuma anafanya nini?"

Nikasema moyoni, Mungu mkubwa, ni ile ya sadaka!

Lakini ndani hakuna sauti. Papa Feza kanyamaza. Kanyamaza mpaka nikasikia kalamu ya mkubwa ikigonga meza. Baadaye aliniambia kwamba ule moshi ulipomfikia puani, kila kitu kilihama, mate yakajaa, alichokuwa anaona ni pakiti tu.

Mimi barazani jibu liko mdomoni, na siwezi kulisema. Mke wa Ilunga akanishika mkono akaubana.

Halafu nikasikia kidole. Kinagonga meza, taratibu. Kikapata mwendo. Na kiti kikaanza kulia kwi, kwi, kwi, maana mtu amekaa juu yake anayumbisha mabega. Kisha sauti yake, Kifaransa safi: mtu wa nyuma anashuka, anachukua bendera nyekundu, anarudi na njia... mpaka kwenye vibati, mpaka kwenye breki, mpaka mwisho.

"Citoyen, unaimba?"

"Ndiyo shefu. Njo vile iliingia."

"Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu. Kule ziwani, wakati wa kufua."

Mkubwa akacheka mpaka akaweka sigara chini. Akamwuliza mengine mengi. Moja alilikosa kabisa, la taa za kile kitoroli cha mafundi wa reli, hatukuwahi kulifikia. Hakubuni jibu, alisema sijui.

Majibu yalipotoka wote wawili walikuwa wamefaulu. Na ili niwe mkweli kama nilivyoahidi: Ilunga alimpita bwana wangu kwa maksi. Alivuta mpaka siku ya mwisho na alimpita. Aliyetaka niandike kwamba mvutaji alianguka, samahani, hakuanguka.

Mtoto alizaliwa salama, wa kiume, mwenye sauti. Alipokua akasomea mambo ya afya, na yeye ndiye aliyenifafanulia vizuri alichosema Papa Ngoy. Kwamba kwenye ubongo kuna vijimlango ambavyo mwili una ufunguo wake wa asili, wa kutusaidia kuwa makini na kukumbuka. Nikotini ni ufunguo wa bandia, inaingia mle mle. Inakuamsha kweli, kwa muda. Lakini ukizoea, ubongo unaongeza vijimlango, vyote vinadai ufunguo ule wa bandia, na ukiukosa unabaki na ukungu. Ukivumilia, vinapungua, mambo yanarudi. Na kwamba ulichojifunza ukiwa unavuta kinapenda kurudi ukiwa unavuta, ndiyo maana alihangaika mwanzoni. Kwa vijana ambao ubongo bado unakua, alisema, hasara ni kubwa zaidi.

Tulipelekwa gare ndogo, porini kweli. Kofia aliipata, ilikuwa kubwa, tukaijaza karatasi ndani.

Siku chache baada ya kufika nikaona wazazi wanakuja barazani, wanaume kwa wanawake, wamevaa nguo za kanisani. Nikadhani kuna treni. Mmoja wao akavua kofia akasema, "Mama, hatukuja kwa shefu. Tumekuja kwako. Shule yetu iko na nyumba, iko na watoto, mwalimu hakuna. Tulisikia kwa simu ya reli ati kuko mama anafundisha wanaume wazima kwa beseni."

Mashefu wa gare walikuwa wanapiga umbea kwenye simu ya kazi njia nzima!

Nilimtazama Papa Feza. Akaniambia, "Wewe njo unajua."

Nilifundisha pale miaka mingi. Wengine wa wanafunzi wangu wana wajukuu sasa.

Funzo langu ni dogo. Kijana wa ule uzi, sikukatalii kwamba sigara inakuamsha. Nakuuliza tu, ulikuwa umelala kabla hujaanza kuvuta? Ukiacha, kichwa kitanuna. Usikihukumu wakati kimenuna. Simama, tembea, imba, tafuta watu wa kukucheka, kitarudi.

Haya wakuu, zamu yenu. Walioacha, semeni kichwa kilirudi baada ya muda gani na kilirudi na nini, kwetu kilirudi na tangawizi. Wanaovuta bado, sina ugomvi nanyi hata kidogo, karibuni mchangie, ila mkae upande wa dirishani.